Ukucha Hautozwi

Mama Brashi hakuzaliwa na hasira. Naanza na hilo kwa sababu wengi wamemjua tangu siku ya bango, na siku hiyo hakuwa mtu wa kusogelewa. Sisi tuliomjua kabla tunakumbuka mama aliyekuwa akipanda ngazi huku akiimba, brashi moja mkononi na nyingine kaibana kwa meno, akimtania kila anayepita chini.

Alikuwa fundi wa maandishi. Bango la duka la viatu, jina la saluni kwenye kioo, namba za nyumba, "Usikojoe hapa" nyuma ya soko, yote yalitoka mkononi mwake. Hilo la mwisho alilionea fahari kuliko mengine. Alisema hakuna andiko lake linalosomwa na wanaume wengi hivyo, wakiwa wamesimama mbele yake kabisa.

Kazi alifundishwa na baba yake, akarithi na vipimo vyake. Mafundi wa mtaa ule hawakupima kwa rula. Kulikuwa na herufi ya kiganja, inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na herufi ya kidole, ya kusomwa na mtu aliyefika mlangoni. Halafu kulikuwa na ukucha, kijiherufi kama ukucha wa kidole cha mwisho, kinachowekwa pembeni, kisomwe na nani? Subirini, tutafika. Mteja akishakubaliana nawe bei ya bango, alikusogelea sikioni akanong'ona, "Fundi, uniwekee na ukucha kidogo." Ukucha ulikuwa neno "kuanzia". Au "kwa bidhaa chache". Au lile linalojulikana hata na watoto, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Kwa kuwa ulikula tone moja tu la rangi, mafundi wote walishika kanuni moja: ukucha hautozwi. Unamwongezea mteja bure, kama muuza nyanya anavyokutupia moja juu ya fungu.

Mama Brashi aliupenda ukucha. "Kiganja hata mlevi anaandika," alikuwa akisema. "Fundi anapimwa kwa ukucha." Alikuwa na brashi yake maalumu ya nywele sita. Wala hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu alipie bango zima lisomwe, halafu aombe neno moja lisisomwe.

Basi, kliniki ya macho ilipofunguliwa pale kwenye kona, ni yeye aliyeitwa. Msimamizi wake alikuwa mwanamume wa sauti laini, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Watu walimbandika jina la Bwana Pole, maana kila jambo kwake lilianza na pole. Alitaka bango refu juu ya mlango: UPASUAJI WA MTOTO WA JICHO, LAKI TATU. Herufi za kiganja, buluu juu ya nyeupe.

"Na hapo juu ya laki tatu, mama yangu, uniwekee 'kuanzia'. Nyembamba."

"Nyembamba kiasi gani?"

"Iwepo tu."

Mama Brashi akaiweka ikawepo tu. Akashuka ngazi, akaitazama, akajipongeza: neno zima lilitosha chini ya mkia wa inzi. Kisha akaandika risiti kama kawaida yake, pamoja na ahadi aliyowapa wateja wote: Herufi yoyote isiyosomeka ndani ya miaka mitano, fundi atairudia bila malipo. Bwana Pole akaisoma mara mbili, akasaini, akapiga na mhuri. "Pole kwa usumbufu," alisema, "mimi sipendi mambo ya mdomo."

Ikapita miaka mitatu.

Jicho la kulia la Mama Brashi likaanza kuingia ukungu. Mwanzoni alilaumu kioo cha miwani, kisha akalaumu jua, kisha akamlaumu mumewe kwamba anapanga mbao kombo. Mumewe ni fundi seremala, ndiye aliyemtengenezea mabango yote, mtu wa maneno machache na penseli nyuma ya sikio. Siku moja mwenye saluni alisimama chini ya bango jipya akainamisha kichwa upande.

"Mama Brashi, hiyo S yangu imelewa?"

"Iko wima kama askari."

"Basi askari kalewa."

Wakacheka wote wawili, lakini mwezi ule mwenye saluni akampa kazi ya dirisha fundi mwingine. Kisha mwenye duka la viatu naye. Daktari wa zahanati akamwambia ni mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata nyuma yake polepole.

"Nimezaa wanne," Mama Brashi akamwambia mumewe jioni ile, "na huyu wa tano kaona tumbo limejaa, kaamua kukaa jichoni." Mumewe hakucheka. Alijua kwamba mkewe bila jicho ni mwanamke aliyekaa sebuleni, na hajawahi kumwona amekaa sebuleni.

Bei walikuwa nayo tayari. Nani asiyeijua? Aliiandika mwenyewe. Wakaweka akiba miezi minane, kwenye kopo la rangi lililosafishwa, mpaka zikatimia laki tatu kamili. Asubuhi waliyokwenda alivaa gauni lake la kutokea. Walipofika ng'ambo ya barabara alimshika mumewe mkono, akainua uso kwa lile bango.

"Unaliona?"

"Naliona."

"Rangi haijatoka hata tone. Ile ni kazi."

Dirishani alikaa dada mmoja mwenye kucha ndefu, akahesabu noti, akaandika, akawaelekeza benchi. Wakamfungulia faili. Wakampeleka chumba cha ndani, akavuliwa gauni akavalishwa joho la kijani lisilo na vifungo mgongoni, akatiwa matone jicho la kulia. Matone yale yanapanua mboni. Mwanga wote wa dunia unaingia kwa pamoja na huoni kitu. Akiwa katika hali hiyo, kashikilia joho kwa nyuma, ndipo akaitwa tena dirishani.

"Mama, imebaki laki moja na elfu themanini."

Alidhani hakusikia vizuri. "Imebaki wapi?"

Dada akamsomea karatasi. Upasuaji laki tatu, hiyo umelipa. Kioo cha kuweka ndani ya jicho, laki moja. Dawa na bandeji, elfu thelathini. Faili, elfu kumi. Huduma, elfu arobaini.

"Hicho kioo," Mama Brashi akasema, "mtu anaweza kupasuliwa bila kuwekewa?"

"Hapana, mama, hutaona."

"Sasa kwa nini kiko kando?"

"Ndivyo ilivyo kwenye kompyuta."

"Na huduma ni nini?"

"Ni huduma."

"Ndiyo, huduma gani?"

"Ya kuhudumiwa, mama."

"Nani amenihudumia mpaka sasa? Nimekaa kwenye benchi nikavuliwa nguo! Kupasuliwa si huduma? Ninyi mnanipasua kama nini, kama ugomvi?"

Mtu mmoja benchini akacheka, akajizuia. Bwana Pole akatoka ofisini kwake na shati lake lile lile.

"Pole sana, mama yangu. Pole. Lakini hatujamficha mtu. Bango letu limesema wazi, laki tatu ni kuanzia."

"Kuanzia imeandikwa wapi?"

"Juu ya mlango, mama. Kila mtu anaiona."

Akatoka nje, hivyo hivyo na joho, mumewe nyuma yake akimshikia kitambaa mgongoni. Akainua uso. Bango lilikuwa mwanga mtupu. Alifunga jicho la kulia, akatazama na la kushoto. Aliona LAKI TATU yake, kubwa, ya buluu, nzuri. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Baba, panda uangalie."

Mumewe akavuta kiti cha mlinzi, akapanda, akasogeza uso mpaka karibu pua iguse mbao. Akapitisha kidole juu ya herufi.

"Lipo," akasema.

"Limeandikwa na nani, sokwe gani huyo, mbona halisomeki?"

Mumewe akashuka. Akasema polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Ni mkono wako, mama. Hiyo K ina ule mkia wako."

Nimesimulia habari hii mara nyingi, na kila nikifika hapa wasikilizaji hucheka. Chekeni tu, hata yeye sasa anacheka. Lakini siku ile hakucheka. Alisema baadaye kwamba alihisi kama mtu aliyefungua mlango usiku amkamate mwizi, akakuta mwizi kavaa viatu vyake.

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi la barazani na kitambaa jichoni, akauliza, "Kwani hapo juu pana neno? Mimi miaka yote nilidhani inzi kapitia."

"Pana neno, bibi."

"Linasemaje?"

"Linasema laki tatu ni mwanzo tu."

"Oho!" bibi akasema. "Ndiyo maana. Mimi nimekuja mara tatu. Ya kwanza nilikosa ya kioo. Ya pili nikapata ya kioo, nikakosa ya huduma. Leo nimeuza cherehani yangu." Alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na ndilo lililomchoma Mama Brashi kuliko mengine yote.

Akageuka akalitazama benchi. Walikuwa saba. Huyu na kitambaa, yule na miwani iliyofungwa uzi, mwingine ameshikwa mkono na mjukuu wa kike. Saba, na hakuna hata mmoja mwenye macho. Hapo hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Bwana we," akamwambia Bwana Pole, "hii ni kliniki ya macho. Wanaokuja hapa ni watu wasioona. Ukaagiza bei yao ya kweli iandikwe kwa ukucha! Mwenye kuweza kulisoma lile neno ana haja gani na wewe? Hili si bango, hili ni changa la macho, na mnalipiga kwa watu ambao macho yenyewe hawana!"

"Pole, mama, punguza sauti."

"Sipunguzi! Bei ndiyo uipunguze!"

Hakupunguza, wala bei haikupungua. Akavaa gauni lake, akadai pesa yake. Zikarudi laki mbili na elfu tisini. Elfu kumi ya faili hairudishwi, na faili lenyewe hakupewa. Njiani kwenda nyumbani, jicho bado limepanuka, alishikwa mkono na mumewe kama mtoto, akiwa anatukana. Hakumtukana Bwana Pole. "Nilimpa bure," alikuwa akisema. "Unasikia, baba? Lile neno nilimpa bure. Neno la laki moja na themanini, na mimi nikamwongezea kama nyanya!"

Alitukana siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza, akaenda kwenye kasha la risiti za zamani, akampa mumewe zote amsomee, moja moja. Ilipofika ya kliniki akamwambia arudie mstari wa mwisho. Mumewe akarudia: Herufi yoyote isiyosomeka ndani ya miaka mitano, fundi atairudia bila malipo.

"Isiyosomeka," Mama Brashi akasema. "Imeandikwa isiyosomeka. Nani kasaini?"

"Yeye."

"Na mhuri?"

"Na mhuri."

"Chukua ngazi."

Saa tatu asubuhi walikuwa mlangoni kwa kliniki, na benchi limejaa. Mlinzi akauliza kuna nini. "Ahadi ya kazi," Mama Brashi akamjibu, akamwonyesha mhuri, na mlinzi yeyote akionyeshwa mhuri wa ofisi yake hushika ngazi isiteleze. Akapanda. Mumewe akasimama chini na makopo. Kwanza akalifuta lile neno kwa tambara lenye petroli, kisha akaanza upya, herufi ya kiganja, buluu, KUANZIA, sawa kabisa na LAKI TATU. Mstari ulipinda kidogo. Nywele sita hakuzihitaji leo.

Hakuishia hapo. Chini ya laki tatu palikuwa na nafasi nyeupe, na yeye aliikumbuka ile karatasi ya dada kama mtu anavyokumbuka matusi. Kila alipoandika alitamka kwa sauti, kwa ajili ya wale wa benchini. "Kioo, laki moja! Dawa na bandeji, elfu thelathini! Faili, elfu kumi! Huduma ya kuhudumiwa, elfu arobaini!" Benchi likaanza kuguna. Akachovya brashi. "Jumla! Laki nne na elfu themanini!"

Watu wawili wakasimama wakaondoka pale pale. Bibi wa cherehani hakuwepo. Alikuwa amelipa tangu siku ile ya ugomvi.

Bwana Pole akatoka mbio mpaka shati likachomoka. "Mama! Nani amekuruhusu?"

"Wewe. Herufi isiyosomeka. Hebu uliza hapa, kuna aliyekuwa akiisoma?"

"Mimi sikuiona," akasema mwenye miwani ya uzi.

"Mimi sioni hata hii mpya," akasema mwingine, "lakini nimesikia."

Wakacheka. Bwana Pole akajifuta jasho, akasogea chini ya ngazi, na sauti yake ikarudi kuwa laini. Nataka mlisikie vizuri alilosema, kwa sababu hapa ndipo mtu hupimwa.

"Mama yangu, shuka tuongee. Wewe ni mtu wa nyumbani. Jicho lako tutalifanya kwa laki tatu ile ile. Kioo juu yetu, huduma juu yetu. Leo, sasa hivi, daktari yupo. Ila hiyo orodha uifute."

Mumewe akainua uso akamtazama. Alikuwa na ile laki mbili na tisini mfukoni, na hiyo kumi iliyopungua angeikopa kwa mlinzi. Mama Brashi alishikilia ngazi kwa mkono mmoja. Jicho lake la kulia halikuona chochote ila weupe, na la kushoto lilikuwa linamwona Bwana Pole kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

"Kumbe inawezekana," akasema.

"Inawezekana, mama, kabisa."

"Laki tatu, na kioo ndani, na huduma ndani. Na hampati hasara."

"Kwako wewe."

"Na hawa?" Akaelekeza brashi benchini, rangi ikadondoka kwenye lile shati.

Bwana Pole akapunguza sauti. "Hawa hawajui kuandika, mama."

Basi hapo, ndugu zangu, kama kulikuwa na biashara iliyobaki kati yao, iliisha. Mama Brashi hakupiga kelele. Akashuka kipandio kimoja, akainama, akaandika mstari mmoja zaidi chini ya jumla, kwa herufi za kiganja: LAKI TATU INAWEZEKANA. MUULIZE MSIMAMIZI. Kisha akashuka, akaosha brashi, akaenda zake. Mumewe akabeba ngazi. Nyumbani, wakiwa wanakula, mumewe alisema, "Jicho lako, mama," naye akajibu, "Najua ni langu."

Bango liliteremshwa mchana ule ule. Bwana Pole akatuma watu kutafuta fundi wa kuandika jipya. Lakini Mama Brashi alikuwa amekwisha kuwazungukia mafundi wenzake. Mafundi wa maandishi mtaani ni watano, yeye akiwamo, na wale wanne walikaa pale kwenye karakana ya mumewe, juu ya mbao, wakamsikiliza akiwatukana saa nzima, akianzia na nafsi yake. Kijana anayeandika maneno kwenye malori akauliza, "Sasa shangazi, mteja akitaka ukucha tumfukuze? Tutakula nini?"

"Usimfukuze. Mtoze."

"Kiasi gani?"

"Kiganja bei yake ya kawaida. Ukucha mara kumi. Anayetaka neno lisisomwe, alipie kulificha. Na mwambie hiyo bei mapema, kabla hujachovya brashi."

Walikubaliana. Wawili kati yao kwa moyo, mmoja kwa aibu, na huyo wa malori kwa sababu alipiga hesabu. Bwana Pole alipotajiwa bei ya neno moja dogo "kuanzia", aliuliza kama herufi zenyewe ni za dhahabu. Fundi wa kwanza akamwambia, "Pole." Wa pili naye akamwambia pole.

Kliniki ilikaa wiki mbili bila bango, na benchi lake lilikuwa na wazee wanaosogea dirishani wakiuliza swali moja tu: yote kwa pamoja ni kiasi gani? Wiki ya tatu bango jipya likapanda. UPASUAJI WA MTOTO WA JICHO, LAKI NNE, KILA KITU NDANI. Kipimo kimoja, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Haikuwa laki tatu. Mama Brashi alisomewa, akasema, "Bado ananiibia, lakini sasa ananiibia mchana, naona mkono wake."

Ilimchukua miezi mitano kuitimiza hiyo laki nne. Alifanya kazi kwa jicho moja, na mumewe akimshikia uzi wa kunyoosha mstari. Alipokwenda hakuna aliyemwambia pole. Walimpasua, wakamfunga, na siku ya pili wakamfungua.

Aliona ukuta. Aliona ufa mdogo kwenye rangi ya ukuta. Aliona mumewe ana mvi masikioni, akamuuliza tangu lini. Wakapita dirishani kuchukua risiti, na dada mwenye kucha ndefu akaisukuma chini ya kioo: upasuaji, laki nne, imelipwa. Mstari mmoja. Mama Brashi akaikunja nusu, kisha akaikunjua. Akaisogeza kwenye mwanga. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Akausoma bila shida yoyote. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

"Baba," akamwambia mumewe, "niletee kile kiti cha mlinzi."

Akakiweka mbele ya dirisha, akakaa, akapanga gauni lake magotini, akairudisha risiti chini ya kioo.

"Haya dada," akasema, "nisomee hivyo vigezo. Kimoja kimoja. Leo sina haraka, na macho ninayo."